Mahindi rangi ya bizari

Msimu wa kwanza niliotia makaa shambani, mahindi yangu yaligeuka rangi ya bizari. Jirani alisimama mpakani, mikono nyuma, akaniuliza, "Ami, mbegu hii umeitoa wapi?" Nikajifanya nafunga kamba ya mbuzi.

Shamba langu liko Msabaha, karibu na Malindi, mchanga mtupu. Hapa ukimwaga maji asubuhi, jioni yamezama na samadi yako yamekwenda nayo. Tangu utotoni tukivuna tunakusanya mabua, tunayatia moto, na wazee wanasema jivu ni mbolea. Jivu lina chokaa na potasiamu, sikatai. Lakini kaboni karibu yote imeshapaa na moshi, na ndiyo niliyokuwa naitaka ibaki chini ishike maji na samadi.

Nikaacha kuchoma, nikayatandaza mabua yaoze. Yakaoza kweli! Kwa joto letu na mchwa wetu, masika ya pili hata fundo la bua hulioni. Vijidudu vya udongo vimejilia, na sehemu kubwa ya kaboni imerudi angani kuwa hewa ukaa. Shamba limekula, sawa, lakini akiba hakuna.

Hapo ndipo niliposikia habari ya bayochari kwenye mafunzo fulani: mabaki ya mimea yaliyochomwa kwa hewa kidogo yakawa makaa. Vijidudu hawayawezi upesi, kwa hiyo sehemu kubwa ya kaboni yake hukaa udongoni mamia ya miaka. Kule Amazon kuna udongo mweusi uliotengenezwa na wenyeji kabla ya Wazungu kufika, na hadi leo ni mweusi. Mwalimu wetu akamalizia, "Ni mbolea hiyo, we mwaga tu." Hiyo "tu" yake ilinila msimu mzima.

Lakini kwanza niwaambie nilivyoyachoma. Makumbi ya nazi kwangu hayana kazi, nikayarundika, nikafukia kwa udongo kama wachoma makaa wanavyofanya, nikatia moto, nikaenda kulala kama bwana. Usiku kaskazi ikatoboa ubavu. Alfajiri nakuta tuta limedidimia katikati kama kaburi la kale, upande mmoja jivu jeupe, upande wa pili makumbi mabichi hata moshi hayajaonja. Mke wangu akaja na kikombe cha chai, akatazama, akauliza, "Sasa hapa tumemzika nani?"

Nikachimba shimo la umbo la faneli, mdomo mpana, kina cha kiunoni. Kijana niliyemwita nilimpa kama mia tano na chakula. Siri ya shimo ni kwamba halifunikwi. Unawasha moto chini, ukishika unaongeza makumbi makavu tabaka jembamba, na tabaka la juu likianza kuota ukungu wa jivu jeupe, unatia jingine. Ule mwali wa juu unaila hewa na moshi pia, kwa hiyo makaa yaliyo chini hayapati hewa ya kuungua. Ukiona moshi mzito, una haraka au makumbi yako yana maji. Shimo likijaa, zima kwa maji, na usiyaonee huruma: mimi madumu saba niliona yametosha, saa nne usiku likawaka upya. Ukitaka kujua kama yameiva, yasugue mkononi kisha nawa bila sabuni. Yakitoka yote, yameiva. Yakibaki kama lami, bado.

Sasa ile bizari. Makaa mapya ni kama ghala jipya, vyumba vingi na ndani hamna kitu. Ukiyatia hivyo hivyo yanashika kwanza naitrojeni, chakula kinachoutia mmea ukijani. Na mimi, kwa werevu wangu, nilikuwa nimeyachanganya na mabua makavu, ambayo nayo vijidudu wakiyala huazima naitrojeni hiyo hiyo ya udongo. Mahindi yakabaki na nini?

Dawa nimeipata kwa mbuzi. Makaa nayamwaga bandani, wanayalalia, wanayakanyaga yanasagika, wanayakojolea. Harufu ya banda imepungua hata wageni wanakaa karibu. Baada ya wiki tano, sita hivi, nazoa pamoja na kinyesi, nachanganya na mabua niliyokatakata na majani ya kunde, nanyunyizia maji, naacha yapoe. Kwenye kila shimo la kupandia, konzi mbili. Mabua yanalisha, makaa yanaweka.

Masika iliyofuata mvua ilikata kama wiki mbili. Nikachomeka kidole kwenye mashimo yangu, unyevu upo. Hatua mbili pembeni, vumbi. Mahindi yakabaki kijani. Sikuvuna magunia ya kuringia, lakini bizari sikuiona tena.

Wenye mashamba ya mawe ya matumbawe, pale Gede kwa mfano, tieni kidogo kwanza. Udongo wenu una chokaa yake tayari na jivu la makaa litaongeza. Na msikate mti kwa ajili ya hili, makumbi, vifuu na magunzi yamejaa.

Yule jirani juzi kaja na mkokoteni wa makumbi, anaomba shimo. Shimo nimempa. Akauliza na banda je, ayalaze makaa yake humo? Nimemwambia mbuzi anunue wake.