Siku yangu kati ya taa na dayatomu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko dikoni hapa Malindi na daftari na tepu, hata chai sijanywa. Asubuhi kazi yangu kupima samaki wanaoshushwa, na leo wa kwanza ni taa wa madoa ya buluu, sentimita 28 ubawa hadi ubawa, sio mdogo maana hawa wakifika 35 ndo basi. Mzee mmoja kashamkata mwiba, ule una sumu. "Mwanangu, huyu ukimla hutemi mfupa," ananiambia, na kweli taa hana mfupa hata mmoja, gegedu tupu.

Saa mbili mahamri na mbaazi, halafu boda mpaka mto Sabaki.

Saa tatu na nusu niko kando ya daraja nasugua mabua ya matete kwa mswaki, wapita njia wananiangalia kama nimerukwa na akili. Ule utelezi wa kahawia natia kwenye chupa, humo ndo dayatomu zinakaa, mwani mdogo usioonekana kwa macho, kila moja seli moja tu inayojipikia chakula kwa jua.

Saa nane hadubini. Slaidi ni ya wiki jana, tulishaiunguza na haidrojeni peroksaidi yakabaki maganda. Naona Navicula, Kilatini hicho maana yake kimashua, na kweli imechongoka huku na huku kama mtumbwi. Ganda lake ni la silika, kama kioo, vipande viwili vimefunikana kama chano na kawa, na ikigawanyika kila mtoto anachukua kipande kimoja anakifanya kawa halafu anatengeneza chano kipya cha kuingia ndani, kwa hiyo vizazi vinazidi kuwa vidogo mpaka zijamiiane ndo ukubwa urudi. Taa yeye anazaa watoto hai, mpaka saba, wanakua tu kawaida. Yaani aliye mkubwa hana mfupa, na hii isiyoonekana imevaa kioo!

Saa kumi bosi anataka bango la kuwalinganisha, kesho watoto wa shule wanakuja. Nachora taa saizi yake, dayatomu nayo nachora hiyohiyo, kisha napiga hesabu: ile ya kweli ni maikromita 40, nimeikuza mara 7,000. Taa nikimkuza hivyo anafika karibu kilomita mbili, anafunika mtaa mzima. Manila yangu haitoshi, nimeandika tu pembeni kwa kalamu nyekundu.