Rufiji, Mto Usiokaa Mahali Pamoja

Ukipanda basi la kusini kutoka Dar es Salaam, Rufiji unauona kwa dakika moja tu, baada ya Ikwiriri, pale basi linapovuka Daraja la Mkapa. Daraja lina urefu wa karibu mita 970 na lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo kila gari lilisubiri pantoni ya Ndundu, na mvua zikikolea watu walilala kando ya mto na mizigo yao. Siku hizi abiria hata macho hawayainui kwenye simu. Mimi nilishuka.

Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na yalikuwa yametoka mbali. Kilombero na Luwegu hukutana na kuuzaa Rufiji, kisha Ruaha Mkuu unajiunga nao kabla ya Korongo la Stiegler, ambako sasa limesimama Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Chini ya hapo nchi ni bapa, na mto hujichagulia njia. Wenyeji wa bondeni walijipanga kwa kuufuata: maji yakishuka, hulima mlau, yaani kilimo cha baada ya mafuriko, kwenye tope lililobaki, na mazao huyalinda wakiwa juu ya madungu, vibanda vilivyoinuliwa kwa nguzo. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliwahamishia kwenye vijiji vya ujamaa vya nchi ya juu. Wengi wakawa wanalala huko na kuteremka kulima, na mtu aliyeukanyaga udongo ule hawezi kuwashangaa.

Mohoro sikukaa sana, ila sikutaka kupapita. Hapo Wajerumani walikuwa na boma, na hapo ndipo walipomnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga wa dawa ya Majimaji, tarehe 4 Agosti 1905. Inasimuliwa kwamba huko kwao Ngarambe alichukuliwa na pepo aitwaye Hongo, akazama majini, na alipoibuka nguo zake zilikuwa kavu. Shuleni tulikaririshwa habari ya dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Habari ya mashamba ya pamba ya kulazimishwa ilipitiwa haraka haraka. Kinjikitile aliponyongwa, Umatumbi, nchi ya Wamatumbi, kulikuwa kumeshawaka, na Vita vya Majimaji viliendelea hadi 1907.

Delta niliingia kupitia Nyamisati, kwa mashua ya injini. Ukiacha wanaokwenda Mafia, unaingia kwenye vijito visivyohesabika, kuta za mikoko pande zote mbili, na kaa wakikimbilia mashimoni. Hapa ndipo penye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika pwani ya Afrika Mashariki. Boriti zake zilipakiwa majahazini hadi Uarabuni, zikaezeka nyumba za watu wasioijua Rufiji hata kwa jina.

Maji yalipoanza kupwa, nahodha alizima injini akashika upondo. "Tulia, mwanangu, fungu hili la mchanga halikuwepo mwaka juzi." Nikaelewa kwa nini manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuja kujificha humu mwaka 1914 baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar. Vipuri vya boila zake vilikokotwa na vibarua Waafrika kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam vikatengenezwe, kisha vikarudishwa. Majina ya maofisa yameandikwa kila mahali. Ya vibarua hao sijayaona popote. Waingereza waliifikia na kuiangamiza tarehe 11 Julai 1915, lakini mizinga yake ilitolewa, ikapigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Meli yenyewe imemezwa na tope.

Katika miaka ya 1970 mkondo mkuu ulihamia matawi ya kaskazini. Maji baridi yakaja kwa wingi, na wakulima wa mpunga wakayafuata, wakikata mikoko. Tuliposhuka tulimkuta mama mmoja akipandikiza miche katikati ya visiki, suruali ya mumewe imekunjwa hadi magotini. Mafuriko ya Aprili 2024 yalimsombea shamba zima. Nikamuuliza kama bwawa halikupaswa kuyazuia.

"Baba, bwawa liko kule. Sisi tuko huku."

Kilichomsumbua zaidi ni chumvi: bamvua, yaani maji makuu ya bahari, likija na mto ukiwa mdogo, majani ya mpunga huanza kuungua ncha. Alikuwa ameshapata eneo lingine ng'ambo ya kijito, na mwanawe alikuwa amekwisha kuanza kulifyeka.