Bluu haishonwi gizani: siku moja na mama

Saa 10:40 alfajiri

Kitasa cha mlango wa mbele kinalia. Ninashuka kitandani bila kuwasha taa kubwa. Mama yupo mlangoni amevaa gauni juu ya nguo ya kulalia, mkoba begani. Ndani ya mkoba (nilikuja kuangalia baadaye) mna kitana, soksi moja na rimoti ya televisheni.

"Nimechelewa kazini," ananiambia.

Mama ana dimenshia, hali inayofifisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na mimi ndiye ninayemtunza. Alikuwa fundi cherehani. Ana miaka 14 tangu aache kushona. Zamani ningemwambia hivyo hivyo, tena kwa sauti ya mtu aliyekatizwa usingizi, na tungegombana mpaka kunakucha. Siku hizi ninauliza kuhusu kazi.

"Leo kuna nini?"

"Sare. Shule zinafunguliwa."

"Rangi gani?"

"Bluu nzito."

"Na giza hili?"

Ananitazama, anautazama mlango, anafikiri kama fundi. "Kweli. Bluu haishonwi gizani." Anarudi kitandani mwenyewe, kwa uamuzi wake. Mimi silali tena.

Saa 1 asubuhi

Kuoga ndiyo saa ngumu kuliko zote, na ninawaonya wote wanaoanza safari hii: usiseme "twende ukaoge". Neno lenyewe linaleta vita. Ninasema, "Mama, maji ya moto yapo tayari," kisha ninamnyooshea mkono na kusubiri. Ninakuja kwa mbele, maana eneo analoliona limekuwa dogo, na anayetokea ubavuni kwake ni mtu aliyezuka tu hewani. Taulo inabaki mabegani muda wote, tunaosha kidogo kidogo chini yake. Kabla sijamgusa ninasema ninachogusa: "Sasa mkono." Maneno mawili yanatosha.

Kwa miezi mitatu aligoma kabisa kuvuka mlango wa bafuni. Nilidhani ni ukaidi. Siku moja nikamwona anapima kwa ncha ya kidole cha mguu, kama mtu aliye ukingoni mwa kisima, na nikaelewa. Kulikuwa na zulia jeusi pale. Jicho lake halitofautishi tena doa la giza na shimo. Niliondoa zulia, akapita.

Baada ya kuoga, nguo mbili mikononi mwangu. "Hili, au hili?" Halafu ninanyamaza na kuhesabu kimoyomoyo hadi kumi, wakati mwingine hadi kumi na tano. Swali linamfikia polepole, na ukilirudia kwa maneno mengine linaanza safari upya. Leo jibu limekuja nilipofika tisa. La kijani.

Saa 3 asubuhi

Ninatunza hesabu za watu kwa kompyuta, kwenye meza ya chakula. Mama anakaa upande wa pili na kapu lake la vipande vya vitambaa. Hapa ndipo ninapomwona mama niliyemzaa. Samahani, aliyenizaa, nimeandika kinyume na nitakuacha uone jinsi kichwa changu kilivyo siku hizi.

Mama ana Alzheimer, aina ya dimenshia inayowapata wengi zaidi, asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Huanza kwa kawaida kula sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya, ndiyo maana hajui kama amekunywa dawa dakika tano zilizopita. Lakini ujuzi wa mikono una makao mengine. Anakisugua kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, anakisogeza masikioni, anasikiliza. Anakikunja pindo, nusu ya upana wa kidole, sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Jina langu hana. Pindo analo.

Saa 4 kasoro, mkasi ukapotea. Ni mkasi butu, ule mkali niliuondoa kitambo.

"Umeniibia mkasi."

Nilikuwa nimebakiwa na safu mbili za hesabu zisizokubaliana. Nikasema, "Mama, hakuna aliyeiba. Umeuficha mwenyewe, kama jana."

Nilijua kosa langu kabla sijamaliza sentensi. Uso ulimkunjamana, akasimama, akaanza kukusanya vitambaa vyake vyote kifuani kama mtu anayehama. Nilikuwa nimemwambia kwa mkupuo mmoja kwamba ni mwongo na kwamba hana akili. Ilituchukua karibu saa nzima. Kilichosaidia mwishoni hakikuwa maelezo: "Kupoteza mkasi kunaudhi. Ngoja nikusaidie kutafuta." Tulitafuta. Chini ya mito, ndani ya viatu. Hatukuupata, ila kufikia hapo tulikuwa tunatafuta wote wawili upande mmoja, na hasira yake ikasahau ilikuwa ya nani.

Saa 5

Msaidizi anafika. Anakaa saa mbili. Ninalala dakika arobaini nikiwa na viatu.

Saa 7 mchana

Kaka anapiga simu ya video. Kaka anampenda mama, sina shaka. Lakini kila mara anaanza na mtihani: "Mama! Mimi nani? Kisia!"

Mwaka 1901, huko Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alimhoji mgonjwa aliyeitwa Auguste, mwanamke wa miaka 51. Jina lako? Auguste. Jina la mume wako? Auguste, nadhani. Maandishi yale bado yapo, na kila nikiyakumbuka ninamwona mama mbele ya simu, akitabasamu kwa hofu, akitafuta jibu lisilokuwepo. Daktari alikuwa na sababu ya kuuliza. Sisi tunauliza ili tujifariji kwamba bado tunakumbukwa.

Leo nimemwambia kaka waziwazi: anza wewe kujitaja. "Mama, ni mimi, mwanao mkubwa. Nimekukumbuka." Alinuna. Akasema ninamfanya mama mtoto. Nikamwachia simu na mama, nikaondoka. Nikiwa jikoni nilimsikia akijitaja, kwa sauti ya chini, kisha mama akicheka. Sijui walicheka nini.

Saa 11 jioni

Jua linapoinama, mama anaanza kutembea. Dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani. Ninawasha taa zote mapema na kufunga mapazia kabla kioo hakijageuka kuwa mama mwingine anayechungulia kutoka nje.

"Dada, nipeleke nyumbani." Jioni mimi ni dada yake. Naitika.

"Nyumbani kuna nani?"

"Mama. Ananisubiri."

Mwaka jana nilimjibu ukweli: bibi alishafariki. Alilia kilio cha msiba wa siku hiyo hiyo, maana kwake ulikuwa wa siku hiyo. Baada ya nusu saa aliuliza tena, na kama ningeendelea na ukweli wangu ningemfisha bibi mara tano kwa jioni moja. Machozi yalimbaki hadi usiku ingawa sababu yake ilishamtoka. Hilo ndilo lililonitisha: habari inapotea, uchungu unakaa.

"Mama anapenda nini?" ninauliza sasa, tukitembea pamoja.

"Anapenda tusichelewe."

"Basi tuketi kidogo, tupumzishe miguu." Anaketi. Dakika sita, kisha tunaanza upya.

Saa 4 usiku

Amelala. Ninaandika kwenye daftari: amekunywa maji kiasi gani, choo, usingizi, hasira ilianza saa ngapi. Daftari hili lina kazi. Mwezi uliopita alibadilika ndani ya siku mbili, akawa anaona watu ukutani na hashikiki. Mtu mmoja akaniambia ndiyo ugonjwa unavyokwenda. Dimenshia yake haiendi kwa kasi hiyo, daftari lilinionyesha, nikampeleka akapimwa. Yalikuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Alipotibiwa, watu wa ukutani wakaondoka.

Nilipokuwa nabadilisha foronya ndipo mkasi ukadondoka. Ameuviringisha kwa utepe wa kitambaa cha bluu, ncha yote imefunikwa isimchome mtu, na juu yake amepiga fundo dogo la kifundi. Nimehangaika nalo kwa kucha, nikashindwa. Nimeurudisha kapuni vile vile.