Kabla hujasema "hizo boti ni mbovu"

Kila mtu akijua nina boti lazima aniulize, vipi hao waliotengeneza, wazuri? Na kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa moja tu: usinunue. Nilikuwa nasema hivo kwa uchungu kabisa, sio kwamba nilisikia kwa watu, yalinikuta mwenyewe, ngoja nielezee maana hapo ndo nilipoanza kuliwaza sana hili suala la jina la boti.

Nilikuwa natembea kwenye sitaha karibu na tezi, yaani kule nyuma ya boti, nikakanyaga sehemu nikahisi inabonyea. Kidogo tu, kama unapokanyaga godoro jembamba. Nikarudi nikakanyaga tena, ikabonyea tena. Nikachukua bisibisi nikaanza kugonga kwa kile kishikio chake cha plastiki, huku inalia ko ko ko, sauti kavu nzuri, nikisogea sentimita chache inageuka bu, bu, bu, kama unagonga boksi lililoloa. Nikawa nachora kwa kalamu kila pale sauti inapobadilika, mwisho nikawa nimechora duara kubwa kama sinia. Fundi alivyotoboa tundu dogo katikati ya duara, kilichotoka kwenye ncha ya kekee hakikuwa unga mkavu wa mbao, ulikuwa uji wa kahawia unaonuka kama majani yaliyooza mtaroni.

Kwa asiyejua, sitaha ya boti nyingi za faibaglasi iko kama sandwichi, faiba juu, faiba chini, katikati kuna mbao nyepesi inaitwa balsa au kuna povu gumu. Inafanywa hivo ili sitaha iwe ngumu bila kuwa nzito, na ni njia nzuri tu, haina shida yoyote mpaka siku maji yapate pa kuingilia. Na pa kuingilia huwa ni tundu la skrubu. Likishaingia tone halina pa kutokea, linatambaa, balsa inaoza taratibu na wewe juu unaona rangi inang'aa tu hujui kitu.

Nikawapigia simu waliotengeneza. Kwamba waranti imeisha hilo nilishajua, sikupiga kwa ajili ya hela, nilitaka wanishauri na nilitaka wajue. Yule niliyeongea nae akanijibu kwa upole kabisa, "hatujawahi kupata malalamiko ya namna hiyo." Sawa. Haikupita wiki nikaongea na mtu mwingine mwenye boti kama yangu, namsimulia, ananiambia yeye aliwapigia miaka miwili nyuma kwa jambo hilohilo, sehemu ileile karibu na tezi. Hapo moyo ulichafuka. Sitaha kuoza niliweza kuvumilia, kila kitu kinachokaa kwenye maji siku moja kitaoza, ila kuambiwa niko peke yangu wakati wanajua siko peke yangu, hilo ndo lilinifanya niwe nawasema kila nilipopata mtu wa kunisikiliza. Na nadhani wenye boti wengi wako hivohivo, ukimsikiliza mtu anavyolalamikia boti yake, sehemu anayoisimulia kwa sauti ya juu sio pale ilipovuja, ni pale alipopiga simu.

Sasa kitu ambacho nimekuja kukiona baada ya kusikiliza na kusoma malalamiko mengi ni kwamba malalamiko hayaui jina kwa wingi wake. Yanaua pale yanapogusa ile ahadi ambayo watu waliinunulia boti.

Chukua Boston Whaler, watengenezaji wa boti wa Marekani. Mwaka 1961 jarida la Life lilitoa picha za mwanzilishi wao, Dick Fisher, amekaa ndani ya boti inakatwa katikati kwa msumeno, na ikishakatika anaondoka na nusu ya nyuma yenye injini kana kwamba hakuna kilichotokea. Ahadi yao ilikuwa hiyo, haizami. Sasa waulize wenye zile za zamani, watakuambia povu lililo ndani likishapata upenyo linanyonya maji, boti inakuwa nzito, na kulikausha ni kazi kubwa kwelikweli. Malalamiko hayo yapo miaka na miaka, na jina halijaanguka, kwa sababu hata ikiwa imenyonya maji bado inaelea, na mwenye boti anaweza kunung'unika lakini hawezi kusema alidanganywa.

Valiant 40 ndo mfano ninaoupenda zaidi. Ni boti ya tanga, ilichorwa na Robert Perry, ikaanza kujengwa miaka ya 70 na Uniflite huko Bellingham jimbo la Washington, na ilipata heshima kubwa kwa watu wanaovuka bahari. Hao Uniflite ndo waliokuwa wamelijengea jeshi la maji la Marekani boti za doria za mitoni wakati wa vita ya Vietnam, kwa hiyo resini (ile gundi inayogandisha faiba) isiyoshika moto kwa urahisi walikuwa wanaijua, na kuanzia kama 1976 mpaka 1981 wakawa wanajengea Valiant kwa resini ya namna hiyo. Nia ilikuwa njema, nani hataki boti isiyoshika moto. Lakini maganda, yaani mwili wenyewe wa boti, yakaanza kutoa malengelenge, madogo kwa makubwa, na sio chini ya maji tu, hata ubavuni kule juu ya maji. Fikiria umetumia akiba ya maisha yako unatoka asubuhi unakuta boti imetoka malengelenge kama mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Wenye boti walipiga kelele, na walikuwa na haki, na bei za boti za miaka ile zikashuka.

Ila angalia jina lilikwenda wapi. Baadae ujenzi ulihamia Texas, resini ikawa nyingine, na wanunuzi wakajifunza kuuliza swali moja tu, ni ya mwaka gani? Ile ya miaka ya malengelenge inauzwa bei ya chini na kila mtu anajua kwa nini, ya kabla na ya baada bado inaheshimika. Na hata zile zenye malengelenge ziliendelea kusafiri mbali, kwa sababu ahadi yake ilikuwa kukuvusha bahari, haikuwa kung'aa. Wenye boti wenyewe ndo waliochora mpaka kati ya miaka mibaya na mizuri, na nawaheshimu sana kwa hilo, maana ilikuwa rahisi tu kusema Valiant zote takataka wakamaliza.

Kwa upande mwingine kuna OMC, kampuni ya Marekani iliyokuwa inatengeneza injini za boti za Johnson na Evinrude. Mwishoni mwa miaka ya 90 walileta injini za Ficht, za mapigo mawili zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, na nyingi zikawa zinakufa. Hapo huna pa kujificha, injini ya boti ahadi yake ni moja, ikutoe na ikurudishe. Mtu akishakwama baharini akavutwa kwa kamba na familia iko ndani, huwezi kumwambia kitu tena. Desemba 2000 kampuni ikaomba kufilisika, sababu zilikuwa nyingi lakini hilo lilikuwemo. Bombardier, kampuni ya Kanada, wakayanunua majina ya injini hizo 2001, wakazirekebisha, 2003 wakaleta injini mpya za E-TEC, na bado ulikuwa unakuta mtu anaikataa Evinrude kwa sababu ya zile za zamani. 2020 wakaacha kabisa kuzitengeneza. Na ukumbuke walioumia sio waliotengeneza injini tu. Mtu hatenganishi boti na injini, injini ikimzimikia anasema "boti yangu imeniangusha" na anataja jina lililoandikwa ubavuni, hata kama waliojenga boti hawakuigusa hiyo injini zaidi ya kuifunga bolti.

Kwa hiyo siku hizi mtu akinilalamikia boti namuuliza maswali mpaka anachoka. Ya mwaka gani, imepita mikononi mwa watu wangapi, inalala majini au inapandishwa, kilichoharibika kilitoka kiwandani au kiliongezwa baadae, uliwaambia na walijibu nini. Kwa boti za Marekani hata kumbukumbu ikipotea kuna ile namba ya ganda, herufi na tarakimu 12 kwa jumla, iko nyuma upande wa kulia, tatu za mwanzo ni za mtengenezaji na kwa boti za kuanzia katikati ya miaka ya 80 mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Lalamiko bila mwaka halinisaidii. Na kampuni inayouza boti nyingi itasikika ikilalamikiwa zaidi, ni lazima, wakati yule mwenye boti ambayo haijamsumbua miaka kumi hana cha kusimulia, yuko zake baharini.

Yangu tulikuja kuifungua sitaha yote pale kwenye duara. Matundu mawili ya kiwandani yalikuwa hayajazibwa vizuri, hilo ni lao na silifuti. Ila sehemu iliyooza zaidi ilikuwa imeanzia kwenye kishikio cha kufungia kamba ambacho mwenye boti wa kabla yangu alikiongeza mwenyewe, skrubu nne zimepigwa moja kwa moja kwenye balsa, hakuna gundi, hakuna silikoni, hakuna chochote. Fundi alinionyesha kwa kidole jinsi weusi unavyoanzia pale na kusambaa, mweusi sana karibu na skrubu halafu kahawia halafu njano. Nikakaa kimya muda mrefu.

Kuna kijana nilikuwa nimemkataza kununua boti ya hao watu, alikuwa ameshaipata ya bei nzuri, mwaka tofauti na yangu, mwenye nayo mmoja tu tangu mpya. Nikampigia nikamweleza yote, matundu mawili ni ya kiwanda, haya manne ni ya mtu, na ile simu yao bado inaniuma. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia asante kaka, ila ile boti ilishauzwa wiki iliyopita.