Ukili wa nailoni: mradi wangu, wiki ya 6

Haya wadau, wiki 2 nilikuwa kimya kwa sababu sikuwa na cha kusuka. Kwa wageni, mradi wenyewe nakusanya vifuko vya nailoni, nakata tepe, nasuka ukili, yaani mkanda mrefu wa kusuka, kama ule wa mkeka wa miyaa alionifundisha bibi, halafu nashona vikapu vya sokoni. Rambo, ile mifuko ya plastiki ya kubebea, zilipigwa marufuku huku Tanzania bara tangu tarehe 1 Juni 2019, Zanzibar walishatangulia 2006, lakini vile vifuko laini vya mkate na vitumbua bado vimejaa mtaroni na waokota chupa hawavitaki, ukimpa anakwambia dada hii hainunuliwi. Na kweli, ni nyepesi mno, kilo moja uokote mpaka mgongo ulie, tena ikiingia kwenye mashine inajiviringisha mpaka mashine inasimama.

Wiki ya 4 mtendaji wetu wa mtaa alikubali kwamba siku ya usafi, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nailoni itengwe pembeni. Watu walijitoa jamani, mpaka wazee, tukajaza viroba 7. Naenda kutafuta guta la kubebea, narudi nakuta gari la taka limeshapita limezoa vyote, vimechanganyika na maganda ya ndizi na matope, safari ya dampo. Iliniuma sana, siku ile sikula.

Sasa tumebadili utaratibu. Mjumbe wa shina kapita nyumba kwa nyumba, kila jiko linatundika kiroba kidogo msumarini, kifuko kinaingia kikiwa kikavu kabla hakijakutana na mabaki ya chakula, Ijumaa watoto wanavipitia. Tofauti naiona kwenye beseni, mwanzo nilikuwa naosha maji mara 3 na harufu ya dagaa bado ipo, sasa suuza moja naanika kambani kama nguo, jioni nakata upana wa vidole 3. Kwangu kazi yote iko hapo, kutenga nyumbani, vikishachanganyika hata gari zuri halisaidii.

Kikapu cha kwanza kimekula vifuko 140 na kimebeba viazi kilo 8 bila kuachia. Cha pili kimebaki vishikio tu. Mtendaji kasema nikilete mkutano wa mtaa Jumapili, na nitamwomba gari lipangiwe siku yake ya nailoni peke yake.