Siku moja na pikapu: kikomo cha RPM huwekwa mwisho

Pikapu ya leo ni Chevrolet Silverado yenye V8 ya lita 5.3 na giaboksi ya otomatiki 4L60E, gia nne. Kemshafti (shafti yenye nundu zinazofungua vali) na springi za vali zimebadilishwa, na difu, gia za ekseli ya nyuma, imetoka uwiano wa 3.73 kwenda 4.10, yaani shafti sasa huzunguka mara 4.10 kwa kila mzunguko wa tairi. Ugonjwa wake: ukikanyaga mafuta hadi mwisho, gia ya kwanza inapanda mpaka injini inaanza kukatakata kwenye kikomo cha RPM 6,000 (mizunguko ya injini kwa dakika), na gia ya pili haiingii mpaka ulegeze mguu.

Saa 1:30 asubuhi

Laptopu inasubiri, chuma kwanza. Oili ya giaboksi inapimwa injini ikinguruma na oili ikiwa imeshapata moto. Ikiwa nyekundu na safi, tunaendelea. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, klachi za ndani zimeanza kwisha na hakuna namba ya kuandika kwenye kompyuta itakayozirudisha. Presha ya oili ya injini inapimwa kwa geji ya kufunga, si ya dashibodi. Kiwango cha chini cha kiwanda kwa injini hizi zikiwa na moto ni psi 6 kwa RPM 1,000, psi 18 kwa 2,000 na psi 24 kwa 4,000. Injini inayogusagusa kiwango hicho hatuiongezei hata RPM 100.

Wenye magari wengi huja na ombi moja: "Fundi, niongezee RPM zifike elfu saba." Pistoni ya injini hii husafiri milimita 92 kila inapopanda au kushuka. Kwa RPM 6,000 wastani wa mwendo wake ni mita 18.4 kwa sekunde, kwa 6,600 ni mita 20.2. Tofauti inaonekana ndogo, lakini nguvu inayovuta boliti za konrodi, mkono unaoshika pistoni, hupanda kwa mraba: RPM zikizidi kwa asilimia 10, mzigo unazidi kwa asilimia 21. Springi za vali nazo zina mwisho wake. Ukiupita, vali haifuati tena nundu ya kemshafti; inaelea, inarudi kwa kishindo kwenye kiti chake na kudunda. Kwenye grafu utaona nguvu ikiporomoka ghafla huku mstari ukitetemeka, na watu wengi hudhani ni cheche, wakakimbilia kubadilisha plagi.

Saa 2:15

Chaki na futi ya mkanda. Upepo sahihi kwenye matairi, alama moja kwenye tairi na nyingine sakafuni, gari linasukumwa mizunguko mitano, kisha urefu unagawanywa kwa tano. Tairi ni 265/70R17. Kwa hesabu ya maandishi ya ubavuni, mzingo wake ni mita 2.52. Sakafuni, likiwa limebeba gari, ni mita 2.46. Tunachukua ya sakafuni.

Hapa ndipo ugonjwa wa gari hili ulipojificha. Sensa ya mwendo inasoma shafti inayotoka kwenye giaboksi, kwenye gurudumu la meno 40. Difu iko nyuma ya sensa, kwa hiyo kompyuta haiijui. Inajua tu idadi ya mapigo iliyoandikiwa kwa kila kilomita. Kwa difu ya 4.10 na tairi hili: 40 × 4.10 ÷ 2.46, yaani mapigo 66.67 kwa mita, au 66,667 kwa kilomita. Aliyefunga difu alisahihisha namba hiyo, na spidomita ikawa inasema kweli. Alichoacha ni jedwali la mwendo wa kubadili gia, ambalo bado linaishi na difu ya 3.73.

Kompyuta hii, mafuta yakiwa yamekanyagwa mwisho, husubiri masharti mawili yatimie kabla ya kupandisha gia: RPM na mwendo wa gari. Jedwali la zamani linadai kilomita 70 kwa saa ili kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Kwa 3.73 injini ilifika hapo ikiwa karibu 5,600. Kwa 4.10 inahitaji karibu 6,150. Kikomo ni 6,000. Basi gari linagonga dari, mwendo haufiki, gia haiingii.

Ajabu yake ni kwamba kama spidomita ingeachwa ikidanganya, gia zingebadilika vizuri tu.

Saa 3:30

Chaja inafungwa kwenye betri kabla ya kusoma faili, maana umeme ukishuka katikati ya kuandika, kompyuta ya gari inaweza kufa palepale. Faili ya asili inahifadhiwa sehemu mbili na haiguswi tena. Swichi ya gari haizimwi hadi programu iseme imemaliza.

Saa 4:15

Daino, mashine ya kupima nguvu ya gari likiwa limesimama. Gia ya tatu, kwa sababu uwiano wa 4L60E hapo ni 1.00. Nguvu inafika kilele karibu na 5,500, na kwa 6,000 imeshuka kwa asilimia 8 hivi. Wengi wangesema badili gia kwenye kilele. Sivyo, na sababu iko kwenye meno ya gia zenyewe.

Uwiano ni 3.06, 1.63, 1.00 na 0.70. Ukibadili kutoka ya kwanza kwa 5,900, unatua ya pili kwa 3,140 hivi. Toki (nguvu ya kuzungusha) inayofika kwenye magurudumu hufuata toki ya injini mara uwiano wa gia. Ili ya pili ianze kushinda ya kwanza, toki ya injini kwa 5,900 ingepaswa kuwa imeshuka chini ya asilimia 53 ya ile ya 3,140. Haijashuka hata karibu na hapo. Kwa hiyo ya kwanza inavutwa hadi pale chuma kinaporuhusu. Kutoka ya pili kwenda ya tatu pengo ni dogo zaidi, asilimia 61, na jibu ni lilelile. Ya tatu kwenda ya nne kwa mafuta kamili hatuhangaiki nayo: 5,600 kwenye ya tatu ni kama kilomita 200 kwa saa, zaidi ya kiwango cha matairi mengi ya pikapu, na klachi ya 3-4, inayoshika gia ya tatu na ya nne, ndiyo inayojulikana kwa kuungua mapema kwenye giaboksi hii.

Tunaweka lengo: kilele halisi cha RPM wakati wa kubadili kisizidi 5,950.

Saa 5:30

Hesabu ya mwendo: RPM × 2.46 × 60 ÷ 1,000, kisha gawanya kwa uwiano wa gia mara 4.10. Kwa 5,600 kwenye ya kwanza ni kilomita 65.9 kwa saa. Konvata, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, huteleza; hapa tumeona kama asilimia 3, kwa hiyo kilomita 64. Kwa 5,750 kwenye ya pili inakuja 127, baada ya mteleo 123. Kwenye jedwali tunaandika 61 na 120, chini kidogo makusudi, ili mwendo utimie mapema na RPM ndiyo iamue.

Mbona 5,600 kwa ya kwanza na 5,750 kwa ya pili? Kwa sababu amri ya kubadili na gia kubadilika kweli ni vitu viwili. Solenoidi (vali ya umeme ya giaboksi) inafunguka, oili inajaza, klachi au bendi inashika, na muda wote huo injini inaendelea kupanda. Kwenye ya kwanza injini hii inapanda karibu RPM 1,500 kwa sekunde. Ukichelewa robo sekunde umeongeza 375. Kwenye ya pili inapanda 600 hivi kwa sekunde, nyongeza ni 150.

Saa 8:00 mchana

Majaribio kwenye njia iliyofungwa, laptopu ikirekodi. Mkusanyiko wa kwanza wa data unaonyesha kilele cha 5,860 kwenye ya kwanza. Usiuamini. Vipimo vilikuwa vingi mno, kila kimoja kinasomwa mara 10 kwa sekunde, na kwa upandaji wa 1,500 kila nukta inaruka RPM 150. Tunapunguza hadi vinavyohitajika: RPM, mwendo, gia iliyoamriwa, nafasi ya throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na eksileta), taimingi ya cheche, ugongaji wa injini, joto la giaboksi. Sasa kilele kinaonekana: 5,980. Amri ya ya kwanza inashushwa hadi 5,560 na inatulia kwenye 5,940.

Throto nayo inatazamwa. Jedwali la mafuta kamili halitumiki mpaka throto ipite asilimia iliyowekwa. Zulia lililokunjamana chini ya eksileta linatosha kukunyima hilo, nawe ukashinda ukibadilisha namba ambazo gari halizisomi.

Presha ya ndani ya giaboksi tunaiongeza kidogo tu. Gia ikiingia kwa uvivu klachi zinaungua. Ikiingia kama teke, ganda la gia ya jua (gia ya katikati ndani ya giaboksi) linapasuka, na kwenye 4L60E huo ni ugonjwa unaojulikana. Upunguzaji wa toki ya injini ambao kompyuta hufanya wakati wa kubadili gia hatuuzimi, tunaubakiza nusu.

Saa 9:45

Mwendo wa kawaida. Majedwali ya mafuta kidogo yote yanazidishwa kwa 0.91, yaani 3.73 ÷ 4.10, pamoja na mwendo ambao konvata hujifunga isiteleze. Kisha tunakagua kwamba mwendo wa kushusha gia uko chini ya ule wa kupandisha kwa angalau kilomita 8 kwa saa, kwenye kila asilimia ya throto. Mistari hiyo ikikaribiana, kwenye mlima gari litakuwa linapanda na kushusha gia bila kutulia. Kwa mafuta kamili, kushuka kwenda ya kwanza kunaruhusiwa chini ya kilomita 55 kwa saa, ambako injini itarukia karibu 4,700.

Saa 10:45 jioni

Sasa ndiyo kikomo. Kilele tunakijua, 5,940, kwa hiyo mafuta yanakatwa kwa 6,150 na kurudi kwa 6,050. Nafasi ya RPM 200 inatosha gia ibadilike siku ya baridi, oili ikiwa nzito. Kikomo cha gari likiwa kwenye P (kuegesha) au N (huru) kinabaki chini, 4,000. Nozeli za mafuta zinakaguliwa kwa RPM za juu: kwa 6,150 mzunguko mzima wa kazi ni milisekunde 19.5, na nozeli zinafunguka 15.8, yaani asilimia 81. Zingepita 90, kikomo kingeshuka.

Mwenye gari anaambiwa jambo moja: kikomo hukata mafuta tu. Akivuta lever chini akiwa kasi, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta haina la kukata.

Faili inapewa jina lenye difu, tairi na tarehe. Akibadilisha tairi, tunaanza tena na chaki.