Sensa ya hewa ilivyogota mwisho gari liliposhuka Mombasa

Gari nililinunua Nairobi likiwa limeshafanyiwa kazi: Subaru Impreza ya injini ya EJ20, tabo (feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini) kubwa kuliko ya kiwandani, injekta kubwa, intakula ya mbele ya kupoza hewa hiyo na egzosi pana hadi nyuma. Aliyeniuzia alinipa na karatasi za vipimo vya fundi aliyeipanga kompyuta ya gari. Vilikuwa safi, na kule gari lilikwenda safi vilevile. Shida ilinianza huku nyumbani.

Nilikuwa nikipanda Mazeras, nikiupita msururu wa malori. Gia ya 3, mguu chini, busti, yaani shinikizo la hewa ya tabo, ikapanda kama kawaida. Kufika kama mizunguko 5,500 kwa dakika nguvu ikadumaa, na chini ya boneti ukatoka mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe. Nikaachia mafuta papo hapo. Mwenye EJ20 anaujua mlio ule: ni mafuta yanayojilipukia vibaya ndani ya silinda. Pistoni za injini hizi huvunjika kwenye kingo zinazoshika ringi, na ukishafika hapo ni kushusha injini nzima.

Fundi wa kwanza alisema plagi. Wa pili alisema pampu ya mafuta, nikanunua pampu mpya, mambo yakawa yale yale. Wa tatu akataka nibadilishe sensa ya hewa, ile wanayoiita eaflo, niweke nyingine ya aina hiyo hiyo. Hapo nikaapa spana haitagusa tena gari hili kabla sijaona namba.

Nikafunga kipimo cha oksijeni kwenye egzosi, cha kusoma mchanganyiko, yaani gramu ngapi za hewa kwa kila gramu ya mafuta, nikaunganisha laptopu na kompyuta ya gari, nikarekodi kwa RomRaider, programu isiyolipiwa. Gari nililikimbiza mara tatu tu, kwenye kiwanja kilichofungwa. Kisha nikaipeleka rekodi Changamwe, kwa mzee mmoja fundi ninayemwamini. Akavaa miwani, akaufuata mstari kwa kidole.

"Mwanangu, hapa mizunguko 5,600 hewa ni gramu 300 kwa sekunde. Hapa 6,000, 300. Hapa 6,500, 300. Umewahi kuona injini inavuta hewa kwa rula?"

"Hapana, Mzee. Ingepanda au ingeshuka kidogo."

"Basi injini haina kosa. Anayehesabu ndiye aliyeishiwa na namba."

Sensa hii ina kiwaya kinachopashwa moto, na hewa ikipita inakipoza. Umeme unaohitajika kukiweka kwenye joto lake ndio unaoieleza kompyuta ni hewa kiasi gani imeingia, kwa volti kati ya 0 na 5. Ikifika 5 haina pa kupanda. Kwangu volti zilikuwa zimegota juu, na jedwali la kompyuta linaishia hapo kwenye gramu 300. Kiwanda hakikukosea, kiliipima kwa injini yake yenyewe, na kwa injini ile nafasi ilibaki tele.

Kilichonitia hofu ni kwamba kompyuta iliendelea kumwaga mafuta ya gramu 300 huku injini ikimeza zaidi. Mchanganyiko uliopangwa uwe 11.2 ulisoma 12.3, yaani hewa ilizidi kwa karibu asilimia 10, kama gramu 330. Tena muda wa cheche nao hupangwa kwa hesabu ya hewa hiyo hiyo. Kompyuta ilidhani mzigo ni mwepesi, ikaiwahisha cheche. Mafuta pungufu na cheche ya mapema, vyote pamoja, kwenye busti kamili.

Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Nairobi halikulia. Gari lina koki ya busti ya mkono, inayoongeza bar 1.2 juu ya hewa ya mahali ulipo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yake ni kama bar 0.83, jumla 2.03. Mombasa hewa ni bar 1.01, jumla 2.21. Joto letu linapunguza kidogo, lakini tofauti inabaki. Kule sensa ilikuwa imeukaribia mwisho, huku ikaupitiliza, na karatasi za vipimo zisingeweza kunionyesha hilo.

Nilishauriwa niongeze mafuta kwa kubahatisha kwenye mizunguko ya juu, namba irudi 11.2. Nilikataa, na ningekataa leo pia. Ukipanga hivyo Februari kwenye joto la kaskazi, Julai kusi inavuma, hewa imepoa na kuwa nzito, injini inavuta zaidi na sensa bado inasema 300. Kuitoa sensa kabisa na kuhesabu kwa shinikizo na joto la hewa ni njia nzuri, ila inadai kupanga upya majedwali yote ya kompyuta, na mimi gari hili ndilo la kwenda kazini.

Tukachagua kupanua bomba la hewa linaloishika sensa. Fundi wa kerezo alinitengenezea la alumini, kipenyo cha ndani kikubwa kwa asilimia 12, maana yake eneo limeongezeka kwa robo. Sensa ni ile ile, hewa ile ile inapita taratibu zaidi, volti zinashuka. Mzee alisisitiza bomba linyooke kabla ya kufika kwenye sensa, kwa sababu hewa inayozunguka kwenye kona huidanganya. Bomba la kwanza lilikuwa na mshono ndani. Tulilitupa.

Kisha jedwali lote nikalizidisha kwa 1.25, na kikomo cha kompyuta nikakipandisha hadi 375. Kwenye mizunguko ya juu kulitulia siku hiyo hiyo. Chini ndiko kulikonila wiki mbili. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, hewa ni kidogo na bomba ni pana, sensa inasoma kwa kukisia, AC ikiwaka kwenye foleni ya Makupa gari linataka kuzima. Kila jioni nilisoma kompyuta imesahihisha mafuta kwa asilimia ngapi, nikarekebisha zile volti za chini peke yake, kesho yake nikarudia.

Rekodi ya mwisho ni ya asubuhi moja ya Julai, kusi limetulia na barabara imelowa umande. Gramu 331, volti 4.8, mchanganyiko 11.2 hadi mwisho wa mizunguko, na cheche haikurudishwa nyuma hata nyuzi moja. Nilimpelekea Mzee. Aliutazama mstari, ulikuwa umepinda vizuri ukielekea chini baada ya 6,200, akavua miwani. Sasa ananiuliza kichujio cha petroli nimekibadilisha lini.